Mchanga wa Osiri Kwenye Karai

Jumatatu, 31 Machi 2025

Mvua tangu saa nane. Mchanga wote umelowa. Nimekaa tu.

Leo ni Idi. Sainab, jirani yetu wa duka la vioo, amefunga duka lakini ametuma sahani ya pilau imefunikwa na kitambaa safi. Nimekula nikiwa na kofia ya kazi imening'inia shingoni. Mwanangu Liz amepata viazi. Amevipaka kichwani kama mafuta.

Kazi kubwa imekuja. Mzee Omanga, mwenye kibanda, ameniita ndani akanionyesha jiwe jeusi la kaburi, likisimama linanifikia kifuani. Marehemu ni Maranga, mtu wa Ndhiwa. Shimo la dhahabu lilimfunika kule Osiri mwaka jana. Familia inakusanyika Pasaka na jiwe lazima liwe limesimama ile Jumamosi katikati. Jina, tarehe, mstari wa Biblia, na picha. Mjane wake alikuwa amekaa kwa benchi na leso imefungwa kichwani. Omanga akamwambia kwa wachimbaji huwa tunaweka sururu na taa. Yule mama akasema hapana, sururu ameishika vya kutosha, mwekeeni mpira. Alikuwa golikipa.

Mpira basi.

Omanga ndiye hukata maandishi kwa stika, na mashine yake, ndani kwenye meza. Anabandika stika kwa jiwe. Halafu mimi nalivuta jiwe nyuma, nje, chini ya turubai, nalipiga mchanga kwa kompresa mpaka herufi ziingie ndani ya jiwe. Vumbi haliruhusiwi ndani. Mwenye nyumba alikataa, na kifua cha Omanga kilikataa kabla yake. Yeye alipiga mchanga tangu ujana. Sasa akipanda ngazi za benki anasimama katikati, anajifanya anatafuta simu mfukoni.

Lakini leo amesema: ukimaliza hili la Maranga bila kasoro, nakufundisha mashine. Utakaa ndani, mama Liz. Mtoto kwa mkeka.

Ndani! Kuna dirisha pale. Kuna stuli yenye mgongo. Nimerudi nyuma nikamwambia Liz, naye akanionyesha meno yake mawili.


Jumatano, 2 Aprili

Mume wangu Tony amekuja na boda kutoka Osiri. Anachimba huko, analala huko, nyumbani anakuja akipata nafasi. Ameleta gunia lingine la mchanga.

Tangu mvua zianze katikati ya mwezi uliopita ndio mchanga ninaotumia. Ni ule uliosagwa na mashine za dhahabu. Wakishatoa dhahabu yao wanautupa, una vilima vyake huko, hakuna mtu anauliza. Mwembamba, na una makali. Ule wa mtoni ni wa mviringo, unateleza kwa jiwe kama mtu anayelipapasa. Tony akausugua kwa vidole akasema, huu unauma, Rispa. Wanaume wengine huletea wake zao vitenge. Nimemwambia hivyo na akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini niliona amefurahi. Hana kitu kingine cha kuleta siku hizi na hiki amekibeba mgongoni.

Shida yake huja umelowa. Na mchanga wenye unyevu unaziba pua ya bomba, kompresa inalia bure. Kwa hiyo tunaukaanga. Karai juu ya mafiga, kuni chini, unakoroga na koleo kama mtu wa njugu mpaka uache kutoa mvuke. Omanga alinifundisha. Mafundi wote hapa hukaanga wakati wa mvua.

Chini ya turubai pale kwa moto ndipo mahali pekee pakavu. Na pana joto. Nimemtandikia Liz gunia hapo. Mchanga ukianza kulia kwenye karai anapiga makofi.

Mama mkwe amepiga simu. Phelesia — hapa naandika jina lake, mdomoni siwezi, mke wa mtoto hamtaji mama wa mume. Amesema tena Liz aende Rusinga mpaka mvua ziishe. Mtoto hakai barabarani kwa matope kama kuku. Yeye Kiswahili chake ni cha kuuzia samaki, na Dholuo yangu ni ya kununulia, kwa hiyo tunakutana katikati na mambo mengi yanaanguka njiani. Lakini hilo nimelielewa.

Nimesema bado ananyonya, mama. Akasema kule kuna maziwa, kuna uji, kuna dani wake. Dani ni bibi, ndio yeye.

Sitaki. Akienda hata wiki mbili atasahau ziwa. Hana hata mwaka. Najua mimi ni mtu wa kushikilia. Wacha nishikilie.


Jumamosi, 5 Aprili

Asubuhi jua kali hata turubai linanuka. Nimepiga jina lote: MARANGA. Herufi za juu ni kubwa, vidole viwili vinaingia.

Ndani ya kofia huwezi jua ni mchana au nini. Ni gunia la turubai lenye kioo mbele, Omanga aliishona mwenyewe zamani. Pumzi yako inakurudia. Jasho linaingia machoni na huwezi kulifuta. Upepo ukigeuka mchanga unakurudia shingoni. Nasikia kompresa na moyo wangu, basi.

Watu wa boda kule mbele wakiniona natoka na hii kofia kama mrina asali wananipigia mdomo. Mkurya, asali imeiva? Nimewaambia imeiva, leteni mikono nyuki wawasalimie. Mmoja akasema huyu Tony alioa mwanamke au alioa mzinga. Nimecheka pia, siwezi kudanganya.

Saa tisa mvua. Mawingu huja kutoka upande wa ziwa kama mtu anavuta blanketi. Nimefunika jiwe, nimeweka karai kwa moto, nimekaa na Liz mapajani nikikoroga.

Viganja vyake vimekuwa vyekundu. Vinabanduka ngozi kidogo kidogo, na vidole vya miguu pia. Nafikiri ni sabuni ya kipande. Nitabadilisha.


Jumanne, 8 Aprili

Liz hajalala vizuri. Anatoka jasho kichwani hata kukiwa na baridi. Anajikuna mikono. Meno yanakuja, nafikiri.

Tarehe za jiwe zimeisha. Nimeanza mpira.


Alhamisi, 10 Aprili

Mvua ya mawe. Sijawahi kuona kama hii tangu niolewe huku. Ilianza na upepo, turubai likang'oka kona moja likawa linapigapiga kama bawa, halafu mawe yakaja makubwa kama njugu mawe. Kwanza nilimrukia Liz. Nikamsukuma chini ya meza ya zana na gunia juu yake. Halafu jiwe. Nimelilalia. Mgongo wangu umepigwa wote, Omanga akipiga kelele mlangoni niache jiwe niingie, lakini ningeacha stika inyonye maji ibanduke, basi mpira wa golikipa ungekuwa kabichi.

Stika imeshika. Imebanduka kona ndogo tu, nimeirudisha kwa gundi.

Omanga amenipa chai yake mwenyewe. Amesema, nyar Kuria, wewe ni mbaya. Kwake hilo ni sifa. Nyar Kuria ni binti wa Wakurya, hata mama mkwe huniita hivyo, lakini kwa sauti nyingine.

Mchanga wote ulilowa. Nimekaanga mpaka giza lilipokaribia. Liz alikuwa na baridi, anatetemeka, nikamsogeza karibu kabisa na moto. Nikamfunika na sweta yangu. Akatulia.


Jumamosi, 12 Aprili

Sijui niandike vipi.

Mvua ilikuja mapema leo. Nilikuwa nakaanga. Liz kwa gunia lake kando ya mafiga, ana kijiko, anapigapiga ukingo wa karai nje, pale ambapo hapana moto. Sainab akaingia mbio chini ya turubai amejifunika kichwa na mfuko wa plastiki. Mkono mwingine ana mkebe wa maziwa. Alikuwa ameniletea. Alisimama akitazama karai akiuliza kama kawaida, mnapika nini leo. Nikasema mchanga, kwa utani. Akauliza, mbona ni wa kijivu hivyo, wa wapi? Nikasema wa Osiri, Tony huniletea.

Akaweka mkebe chini. Halafu akainama akamchukua Liz, hakusema kitu, akatoka naye kwenye mvua. Anakimbia. Bila mfuko.

Nilitupa koleo nikamfuata. Nilidhani amepata wazimu. Nilimpata ndani ya duka lake, amemkalisha Liz juu ya kaunta kati ya vioo, anamvua sweta, nguo zote, anamwosha mikono kwa maji ya jagi. Nikamwambia, Sainab, unafanya nini na mtoto wangu?

Akasema, wewe unajua kaka yangu Dahir hununua dhahabu huko. Nikasema najua. Akasema, unajua dhahabu inatokaje kwenye huo mchanga? Wanamwaga zebaki, inashika dhahabu, wanaikamua kwa kitambaa. Dahir akiichoma hiyo zebaki iondoke, anasimama kule upepo unakotoka na watoto wote wanafukuzwa mpaka barabarani. Haina moshi wa kuonekana, mama Liz. Haina harufu. Na zebaki nyingine inabaki kwenye mchanga wanaoutupa. Huo. Wewe unaukaanga. Wallahi unaukaanga na mtoto yuko hapo.

Nimesimama tu. Maji yananitoka kwenye nywele.

Nilisema, lakini mafundi wote hukaanga mchanga.

Akasema, wa mtoni.

Liz alikuwa anacheka, akijiona kwenye vioo vyote vile. Liz wengi.


Jumapili, 13 Aprili

Karai nimelimwaga mbali. Sweta nimeichoma — halafu nikaogopa moshi wa sweta. Hivi ndivyo nilivyo leo. Siwezi kugusa kitu.

Nimemwambia Tony kwa simu. Alikuwa juu ya shimo, nasikia mashine. Akasema, ile dawa? Huko wanaiita dawa tu. Akasema, Rispa, mimi naishika kwa mkono kila siku, niko sawa. Nikasema wewe si mtoto wa miezi kumi. Akasema huyo Sainab ni daktari? Nikasema viganja vya Liz. Nikamwambia vile vilivyo. Nikamwambia jasho, na kutolala.

Nikasikia anasogea mbali na mashine.

Halafu akasema kwa sauti ndogo, usimwambie mama.

Nikauliza kwa nini. Akasema ni mimi nimeleta. Kwa mgongo wangu, nimeuleta kwa mgongo wangu nikauweka mbele ya mtoto. Mama alikataa nisiende Osiri, alilia nisiende. Rispa, tafadhali. Tumtibu kwanza. Mama asijue.

Sijawahi kumsikia Tony akisema tafadhali. Nimeahidi.


Jumatatu, 14 Aprili

Kliniki. Foleni ndefu, mvua kwenye mabati huwezi kusikia jina lako. Sista ni msichana mdogo, labda rika langu. Nilipomwambia mchanga wa Osiri aliacha kuandika. Akafungua mikono ya Liz kidole kwa kidole, akaangalia na miguu, akauliza hii imeanza lini. Nikasema nilidhani ni sabuni. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Wametoa damu. Inapelekwa mbali, majibu ni baada ya Pasaka. Kwa sasa ameniambia mambo haya: huo mchanga usiwe karibu na mtoto, wala nguo zangu za kazi, wala nywele zangu kabla sijaoga. Mtoto atoke mahali pale kabisa. Watoto wengi hupona wakiondolewa mapema, akasema, na nimelishika hilo neno mapema, nimelizungusha kichwani njia yote.

Halafu nikauliza maziwa yangu. Kwa sababu mimi ndiye nimekuwa nikivuta ule mvuke kuliko mtu yeyote.

Akaangalia karatasi zake. Akasema, sijui. Sitakudanganya. Kuna daktari Homa Bay, nitamuuliza, nikupigie. Mpaka nikupigie usimnyonyeshe. Kamua, umwage. Mpe ya mkebe na uji.

Jioni nimekamua nyuma ya kibanda. Nimemwaga chini, kwenye mchanga wa mtoni uliokuwa umemwagika pale. Ulinyonya upesi.

Liz analia anavuta nguo yangu. Haelewi. Mkebe anausukuma kwa mkono mzima.


Jumanne, 15 Aprili

Sista hajapiga. Simu naibeba mkononi hata chooni.

Matiti yamejaa mpaka makwapani. Homa kidogo.


Jumatano, 16 Aprili

Leo nimemwambia Omanga sitaki tena mchanga wa Osiri. Nimemwambia kwa nini. Amekaa kwa stuli yake akishika mkasi bila kukata kitu. Akasema mimi nilikufundisha kukaanga, sikukufundisha hilo. Nikasema najua, mzee. Akasema jiwe linachukuliwa kesho. Nikasema hilo pia najua.

Kuna nusu gunia la Osiri limebaki pale kwa kona, kavu, lilishakaangwa. Akaliangalia, mimi pia. Akasema taratibu labda dawa yake ilishatoka kwa moto. Nikasema, imetoka ikaenda wapi?

Alinyanyuka, akachukua kofia yangu kwenye msumari, akatoka nje mwenyewe. Mzee mzima. Nilimfuata nikimwita. Aliwasha kompresa, akapiga na mchanga wa mtoni neno moja la mstari wa Biblia, labda neno moja na nusu, halafu bomba likamtoka mkononi. Nilimvua kofia. Midomo yake ilikuwa na rangi ya jivu. Tulikaa chini matopeni, mimi na yeye, anavuta pumzi inayoingia kwa mlango mdogo sana. Nimemshika mgongo. Mgongo wa mzee ni mwembamba kuliko unavyofikiri.

Alipoweza kusema, akasema, usizeeke hapa nje.

Nimevaa kofia. Mchanga wa mtoni nimeukaanga, nimeupiga, nimeuokota, nimeukaanga tena. Unakula jiwe kidogo kidogo kama panya. Mpira umekamilika. Mstari wa Biblia umebaki na maneno machache.

Na nimempigia mama mkwe. Mimi mwenyewe. Liz hawezi kukaa hapa, na kwa Sainab hawezi kukaa siku zote, watoto wa Sainab ni wanne na chumba ni kimoja. Nyumbani Isebania mama yangu hayupo tena. Nimesema, mama, njoo umchukue, mvua imezidi. Alikuwa amejitayarisha kubishana na hapakuwa na mtu wa kubishana naye. Akauliza, nyathi ni mgonjwa? Nyathi ni mtoto. Nikasema hapana, ni mvua.

Ni mvua.


Alhamisi, 17 Aprili

Niko kwenye stoo ya Sainab. Nimefunga mlango. Nimesema nabadilisha nguo.

Jiwe limeisha saa sita. Maneno ya mwisho hayakuingia sana, Omanga alipitisha kidole gumba akasema yatasomeka. Pikapu ya Ndhiwa ilikuja na mvua. Yule mjane akashuka, akainama akaweka kiganja chote juu ya mpira, akakizungusha pole pole. Akasema, ndio huu. Walilifunga na magodoro wakaondoka. Na Omanga akaniambia mbele ya watu, baada ya Pasaka unaanza mashine. Ndani. Amenitolea na mkeka, ulikuwa nyuma ya kabati, ameupangusa vumbi.

Nimeukunja nikausimamisha kwa kona. Nimesema asante, mzee.

Mama mkwe amefika muda uo huo. Amevuka kutoka Rusinga asubuhi, amepanda magari kutoka Mbita, sketi imelowa mpaka magotini, na mfukoni amemletea Liz dagaa wa omena waliosagwa kwa uji na kofia ya sufu aliyoishona mwenyewe. Ya manjano. Ilimtosha. Hajui kushona vizuri, sikio moja limefunikwa lote, lingine liko nje. Liz alimwangalia muda mrefu halafu akamshika pua.

Nilifikiri atanichapa kwa maneno. Hakunichapa. Alinitazama mimi, hii ovaroli, macho yangu mekundu, akasema kwa Kiswahili chake, nyar Kuria, wewe iko nakonda. Nyumbani kula.

Kama angenigombeza ingekuwa rahisi.

Halafu Liz akaniona mimi. Alianza kulia kile kilio cha ziwa, kila mama anakijua, na maziwa yangu yakashuka yenyewe, hayakuuliza mtu. Ovaroli ikalowa mbele, duara mbili. Mama mkwe aliziona. Akacheka kwa upole, akaninyooshea mtoto. Mnyonyeshe basi. Njia ni ndefu. Kwao mtoto haondolewi kwa mama yake na njaa ya ziwa, si vizuri, atalia njia yote na mama atavimba. Mnyonyeshe ashibe, ndio twende.

Nikasema nguo zangu ni chafu. Akasema basi badilisha, tunangoja. Sainab alikuwa nyuma ya kaunta. Alinitazama kisha akaangalia pembeni. Anajua nimeahidi nini. Alisema tu, ingia stoo, Mama Liz, kuna leso safi.

Niko hapa. Nimenawa mikono, uso, shingo. Leso ninayo. Ovaroli bado sijavua.

Simu ina alama moja ya netiweki, inakuja inaondoka. Sista nimempigia, hashiki. Nimempigia tena. Labda yuko na foleni. Labda daktari amesema ndio, nyonyesha, hakuna shida, na yeye amesahau kunipigia. Inawezekana. Watu husahau mambo mazuri. Labda ningemnyonyesha mara moja tu, hii ya mwisho, kidogo, atosheke alale kwenye gari na kofia yake ya manjano. Mara moja ni nini. Nimefungua kifungo cha juu.

Nimekifunga.

Tony nimempigia pia. Hashiki, yuko chini ya shimo. Ningemwambia, Tony, nirudishie ile ahadi.

Naisikia sauti ya mama mkwe huko nje anamwimbia. Liz hanyamazi. Amechoka lakini hanyamazi, amebakisha kilio cha kukatikakatika. Anapiga mlango kwa kiganja. Kiganja chake kile. Mama mkwe lazima amekishika, amekiona. Wimbo umekoma.

Anauliza kitu, Sainab anamwambia aniulize mimi.

Sasa ananiita. Hakuniita nyar Kuria. Ameniita Rispa. Sikujua kama analijua.

Nitafute maneno ya kumwambia, kwa sababu Kiswahili chake hakitafika na cha kwangu hakitafika. Kwoyo, mchanga. Hilo ninalo. Mach, moto. Ninalo. Nyathi. Kitu kile cha katikati, kisicho na moshi, sina jina lake kwa Dholuo, na huko wao wanakiita dawa. Na jina la aliyeubeba kwa mgongo, hilo analijua, alimpa yeye.

Kwoyo. Mach. Nyathi.

Anagonga. Pole pole, na vidole viwili. Nasikia kitasa kinashikwa. Naweka kalamu, nimfungulie.